Kulabu ya racheti imegeuzwa: nitengeneze, nirudishe, au nikunje tu?

SWALI: Fundi, salamu. Nina pikapu na trela dogo la ekseli moja. Kazi yangu ni kuhamisha mashine za kusaga, milango ya chuma na matangi ya maji kutoka Industrial Area, Nairobi, kwenda Kitengela, mara nyingine Athi River. Wiki jana nilinunua mtaani kwa bei nafuu mikanda minne ya racheti, ile ya kufungia mizigo inayokazwa kwa mpini na gia za meno. Miwili ina shida moja: kipande kifupi cha utepe, kile chenye kulabu kilichofungwa kwenye racheti, kimeunganishwa kinyume, hivyo kulabu ikishika ukingo wa trela, mpini wa racheti unatazama mzigo na mkono haupiti. Nikitaka mpini utokee nje, lazima nikunje utepe nusu mzunguko. Mkanda wa tatu unakaza vizuri, lakini nikiachia mpini unarudi nyuma meno mawili matatu. Wa nne hauna neno. Utingo wangu anasema nikunje tu safari iendelee. Muuzaji anasema hiyo ni ya tani tano, inabeba hata nyumba. Nifanyeje? Msomaji, Embakasi.

JIBU: Ndugu yangu wa Embakasi, ule wa tatu uweke kando sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Usiufungie hata godoro. Nitakueleza sababu huko mbele. Ile miwili ya kwanza ina ugonjwa mwingine kabisa, na huenda ikapona kwa spana mbili.

Anza na hiyo miwili. Tandaza mkanda mzima sakafuni, utepe mrefu ukiwa umeshapitishwa kwenye racheti, mpini ukitazama juu. Sasa angalia ncha za kulabu zote mbili. Mkanda uliounganishwa sawa, ncha zote zinatazama chini, sakafuni. Hii ni kwa sababu mkanda ukishapita juu ya mzigo, upande wa chini ndio unaogusa mzigo na trela, na kulabu lazima ziingie kwa ndani, chini ya ukingo, huku mpini ukibaki nje unakoufikia. Wako, kulabu ya utepe mrefu itatazama chini na ya kipande kifupi itatazama dari. Utepe mrefu haukusumbui hata kidogo, kwa kuwa unauchomoa na kuupitisha upya kwa upande unaoutaka. Kifupi ndicho kilichofungwa kiwandani, na aliyekifunga alikuwa na haraka.

Geuza racheti uangalie kitako chake, pale kipande kifupi kinaposhikwa. Utaona kimojawapo kati ya vitu viwili: bolti iliyopita kutoka shavu moja la fremu hadi la pili na nati mwishoni, au ribiti iliyopondwa kichwa pande zote mbili.

Ikiwa ni bolti, una bahati. Shika kichwa kwa spana moja, nati kwa nyingine, fungua, chomoa. Kipande kifupi kitatoka na kitanzi chake. Mara nyingi kuna kibomba kidogo cha chuma, bushi, kilichovikwa bolti ndani ya kitanzi. Kisikuponyoke kikaviringika chini ya gari, maana ndicho kinachozuia hesi za bolti zisiusugue utepe kama msumeno. Geuza kipande kifupi tumbo juu, mgongo chini, rudisha bushi, rudisha bolti ileile. Hapo hujabadilisha chochote katika nguvu ya mkanda. Mshono haujaguswa, chuma ni kilekile.

Kuna mambo mawili ambayo watu huharibu hapa. La kwanza ni nati. Ikiwa ni ile yenye pete ya plastiki ndani, pete hiyo ikishafunguliwa haishiki tena kama mwanzo, kwa hiyo nunua mpya. Ni ya shilingi chache tu. Bolti ikiwa imepotea au imepinda, nenda Kirinyaga Road, wengine bado tunaiita Grogan, uchukue yenye kipenyo kilekile na urefu uleule, na usome kichwani: iwe imeandikwa 8.8 au zaidi. Bolti isiyo na alama yoyote ni ya kufungia rafu ya duka, ni chuma laini. La pili ni kukaza kupita kiasi. Mtu akiwa na spana ndefu na hasira ya kuuziwa kitu kibovu, anakaza mpaka mashavu ya fremu yanaingia ndani. Yakishabana hata kidogo, ulimi wa racheti, kile kipande kinachoshika meno ya gia, hautelezi tena kwenye njia yake, na hapo umeuambukiza mkanda wako wa kwanza ugonjwa wa ule wa tatu. Kaza mpaka nati ishike na hesi mbili tatu zitokeze, kisha jaribu mpini. Unatakiwa ucheze bila kukwaruza.

Ikiwa ni ribiti, rudisha kwa muuzaji. Najua utaniambia kuna kijana Kamukunji ataikata kwa grenda na kupiga nyingine dakika kumi. Ataweza, na sanduku au jiko atakalokutengenezea litadumu kuliko la dukani. Lakini utepe huu ni poliesta, unayeyuka kwenye nyuzijoto 255 au karibu na hapo, na cheche za grenda zina joto kuliko hilo mara nyingi. Cheche moja inaacha kitone kigumu kinachong'aa kwenye utepe. Ukikipitisha kidole utakisikia kama tone la mshumaa lililokauka. Pale nyuzi zimeshakufa.

Kwa sababu hiyohiyo usifikirie kufumua mshono wa kulabu na kuushona upya. Kariokor kuna mafundi wa ngozi ambao ndara zao hukatika mguu kabla ya mshono, na nawaheshimu. Ila mshono wa mkanda wa mzigo una uzi wa poliesta kama utepe wenyewe, umepigwa kwa mpangilio wa mashine ili kila mstari ubebe sehemu yake, na kila tundu jipya la sindano linakata nyuzi zilizokuwa zikibeba. Kosa lililo kwenye bolti linatibika. Kosa lililo kwenye mshono halitibiki mtaani.

Sasa ushauri wa utingo wako wa kukunja. Hajakosea kabisa, na nadhani ameona madereva wa malori wakifanya. Utepe mpana unaopita hewani kati ya mzigo na ukingo hupigwa na upepo, huanza kuvuma na kutetemeka, na dereva huupa mkunjo mmoja ili unyamaze. Maelekezo ya watengenezaji husema utepe usikunjwe, lakini mkunjo wa hewani, usiogusa kitu, angalau hauubani utepe popote. Wako ni mkunjo wa namna nyingine. Kipande kifupi kina urefu wa sentimita thelathini au arobaini tu, kwa hiyo nusu mzunguko wote unabanwa pale kwenye kulabu au kwenye racheti yenyewe. Ukingo mmoja wa utepe unavutwa kama kamba ya upinde na ukingo wa pili umelegea. Utepe haufanyi tena kazi kwa upana wake wote. Tena racheti inakaa kimshazari, na mpini unalazimika kuvuta upande. Nenda kaangalie mkanda uliokwisha kutumika hivyo: ukingo mmoja utakuwa umeanza kutoa manyoya.

Tuje kwa wa tatu, unaorudi nyuma.

Racheti ina ndimi mbili. Mmoja uko kwenye mpini, unasukuma gia unapovuta. Wa pili uko kwenye fremu, unashika gia isirudi unapopeleka mpini mbele tena. Gia zenyewe ni mbili, moja kila upande wa mhimili, na ulimi lazima uingie kwenye meno ya zote mbili kwa wakati mmoja, kwa kina kilekile. Racheti iliyounganishwa vibaya, gia moja imevikwa kwenye mhimili jino moja mbele ya mwenzake, au springi ya ulimi wa fremu imekaa nje ya kishikio chake. Ulimi unaingia upande mmoja, upande wa pili unakalia ncha ya jino. Unapokaza unasikia mlio wa kawaida, unaridhika. Unapoachia, ulimi unateleza mpaka upate pa kushika. Lete tochi, angalia kutoka nyuma, utaona upande mmoja umezama na wa pili umening'inia.

Halafu kuna pini. Mhimili wa racheti nyingi ni vipande viwili vya nusu mwezi, utepe unapita katikati, na vinashikiliwa kwenye ncha kwa pini ya miguu miwili inayotakiwa kupanuliwa ikishaingia. Kwenye mikanda ya bei ya chini nimekuta miguu hiyo imeachwa imenyooka, vile ilivyotoka kwenye boksi. Nilipokuwa utingo, mkanda wa namna hiyo ulituacha kwenye Barabara ya Mombasa na mabati ya kampuni fulani. Tuta moja, pini ikadondoka. Tuta la pili, nusu ya mhimili ikatoka upande kama droo. Mkanda ulilegea wote kwa mpigo na mabati yakateleza mbele nusu mita, yakagota kwenye ubao wa mbele nyuma ya kichwa changu. Dereva alisimamisha gari, akaiokota ile nusu ya mhimili, akanipa bila kusema neno. Bado ninayo. Kwa hiyo hata mkanda wako wa nne, ule usio na neno, uangalie pini zake.

Utasema, meno mawili matatu ni kitu gani? Hapa ndipo watu wengi hawajawahi kupiga hesabu. Poliesta ya kufungia mizigo hainyumbuki sana: kiwango cha Ulaya cha EN 12195-2 kinaruhusu isizidi asilimia 7 mkanda ukivutwa hadi uwezo wake kamili. Sasa mkono wako hauvuti hadi uwezo kamili, unavuta kama sehemu ya kumi ya hapo. Ukikadiria kwa uwiano, utepe umenyumbuka kama asilimia 0.7. Chukua mita 4 za utepe zinazozunguka mzigo wako: ni sentimita 2.8. Mkazo wote uliouweka, jasho lote, ni sentimita chini ya tatu za utepe. Racheti ikirudi sentimita moja na nusu, umepoteza nusu ya mkazo, na mkanda bado utaonekana umenyooka kwa macho. Chora mstari wa kalamu kwenye utepe pale unapoingilia, kaza, achia, upime mwenyewe.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayokuambia kwa nini usimame ukague baada ya kilomita chache. Mzigo ukikaa chini sentimita moja tu, mbao zikibonyea, turubai likijikunja, mkanda umelegea bila kosa la mtu. Ukitoka Industrial Area, simama mahali salama kabla hujafika Mlolongo, kaza tena. Mizani ya magari pale Mlolongo inajua uzito wa ekseli. Mkanda uliolegea haiuoni.

Na hizo tani tano za muuzaji? Tafuta lebo. Mkanda wa poliesta uliofuata kiwango nilichokitaja huwa na lebo ya bluu iliyoshonewa, na juu yake kuna herufi ambazo muuzaji wako hajawahi kukusomea. LC ni uwezo wa mkanda kufunga, kwa vipimo vya daN, na daN 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo 1. Mkanda wa milimita 50 unaoitwa wa tani tano mara nyingi umeandikwa LC 2500 ukivutwa moja kwa moja, na 5000 pale tu unapozungushwa ukarudi, pande mbili zikigawana. Mingine, isiyo na lebo ya maana, tano yake ni nguvu ya kukatika, kitu ambacho hutaki kukikaribia. Ikiwa mikanda yako haina lebo kabisa, ila wino mkubwa wa "5T" kwenye utepe, hiyo ni sababu ya pili ya kurudi dukani.

Lakini herufi ninazotaka uzikariri ni STF. Hiyo ni nguvu ya mkazo inayobaki kwenye racheti baada ya mkono wa kawaida kuvuta mpini kwa daN 50. Inaweza kuwa 250, 300, racheti zenye mpini mrefu hufika 500. Unapofunga kwa kupitisha mkanda juu ya mzigo, kazi ya mkanda ni kuukandamiza mzigo chini ili msuguano uushike, na kinachokandamiza ni STF. Tani tano haikandamizi chochote.

Tuchukue mashine yako ya kusaga, tuseme kilo 600 na mota yake, imekaa juu ya mbao. Kanuni za ufungaji za Ulaya hutaka mzigo uzuiwe kwa nusu ya uzito wake upande na kwa nyuma, na kwa sehemu 0.8 ya uzito wake kwa mbele, maana breki ya ghafla ndiyo mbaya kuliko zote. Msuguano tuuweke 0.3, yaani unashika sehemu 0.3 ya nguvu inayoukandamiza mzigo chini. Kwa upande unahitaji daN 300, msuguano wa uzito wenyewe unakupa 180, bado 120. Ili msuguano utoe hiyo 120, lazima ukandamize kwa 400. Mkanda mmoja wa STF 250 ukishuka wima pande zote mbili unatoa 500 kwenye karatasi, ila upande wa mbali na racheti daima hupata pungufu kwa sababu utepe unakwama kwenye kona za mzigo. Kwa hiyo miwili. Kwa mbele unahitaji 480, toa 180, bado 300, gawa kwa 0.3: ukandamize kwa 1000. Hiyo ni mikanda mitatu kwa uchache, na mimi singeitegemea. Sukuma mashine igote kwenye ubao wa mbele wa trela, au pigilia gogo mbele yake, ndipo mikanda ibaki na kazi ya pande.

Msuguano ndio ulio rahisi zaidi kuuongeza. Vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu ya mashine vitakufaa kuliko mkanda wa ziada. Ila usiweke mpira uleule juu, kwenye kona unapopita utepe, kama wengi wanavyofanya. Pale unataka utepe uteleze ili mkazo ufike upande wa pili. Tumia kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa katikati, kinalinda utepe na makali ya chuma na hakiushiki.

Usichomeke bomba kwenye mpini wa racheti ili kuongeza nguvu. Mpini umepimwa kwa mkono, na ukifungua racheti iliyokazwa kwa bomba inaruka. Na usipige fundo kwenye utepe hata siku moja. Utepe uzungushwe kwenye mhimili angalau mara moja na nusu, usizidi mara tatu. Nusu mzunguko unachomoka, mizunguko mingi inajaza racheti na kukwama.

Jambo moja la mwisho kuhusu eneo lako, kwa kuwa Athi River ni nchi ya saruji. Saruji ikilowa huwa na alikali kali, na alikali ndiyo adui wa poliesta. Mkanda uliobeba mifuko ya saruji siku ya mvua uoshe kwa maji mengi jioni hiyohiyo, uanike kivulini. Usiutupe tu nyuma ya kiti ukiwa na unga wa kijivu.

Ukirudi dukani, usiende na maneno ya "ni mbovu". Nenda na mkanda wa tatu, ufunge kwenye nguzo au ukingo wa gari mbele ya muuzaji, chora mstari wa kalamu, kaza, achia. Mwonyeshe pale mstari ulipohamia. Wenye ribiti mtandazie sakafuni, kulabu moja chini, moja juu. Akikubali kubadilisha, kague huo mpya palepale kabla ya kuondoka: kulabu, ndimi, pini, lebo. Akikataa, ule wa tatu chukua kisu uukate utepe vipande viwili siku hiyohiyo, kulabu ubaki nazo. Ukiutupa mzima chini ya kiti, siku moja mzigo utazidi, utakuwa na haraka, na utingo wako atauvuta.